Maana Waliogopa

Tulimzika baba mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa 1994, mgombani kwetu Old Moshi, kwaya ikiimba, mchungaji akirusha udongo mara tatu na kutamka kwamba Bwana atamfufua siku ya mwisho. Mara ya pili ilikuwa asubuhi ya Julai, miaka mingi baadaye, barabara ya kwetu ilipopanuliwa. Alama nyekundu ya X ilipigwa kwenye ukuta wa jiko, nyingine kwenye msalaba wa saruji, tukapewa barua na tarehe. Wakaja vijana wanne na sururu na makoleo, afisa afya amevaa glavu na buti, mwenyekiti wa kitongoji, na sisi wafiwa wa zamani. Mama tulimwekea kiti cha plastiki chini ya mparachichi. Alikuwa amejitanda kanga mbili juu ya sweta, maana mwezi wa saba kule juu baridi haina mchezo.

Udongo wa kwetu ni mwekundu, mzito, unakaa na maji. Sanduku lilikuwa limekwisha. Vilibaki misumari, vishikio vilivyoliwa na kutu, na mstari mweusi ardhini ukionyesha mbao zilipokuwa. Suti yake ya kijivu haikuwepo tena. Vifungo vyake vilikuwepo, vinne. Mifupa ilikuwa na rangi ya mizizi, hata kijana mmoja akavuta kitu kirefu chembamba akidhani ni cha baba, kumbe ni mzizi wa mparachichi uliopenya na kupita katikati ya mbavu. Nikainua macho nikautazama mti wenyewe. Ulikuwa umezaa. Miaka yote ile tuliangua maparachichi yake, tukala, tukawagawia majirani, mengine yakateremka sokoni Kiboriloni.

Halafu kikatoka chuma. Mwaka 1982 baba alianguka kutoka kwenye lori la kahawa, paja la kushoto likavunjika, akawekewa bamba la chuma hospitali. Alichechemea miaka 12. Bamba lile lilitoka ardhini likiwa bado limeng'ang'ania kipande cha mfupa, skrubu zake sita kila moja mahali pake, na afisa afya alipolipangusa kwa kidole likang'aa. Katika vyote tulivyomzika navyo, hicho ndicho pekee ambacho udongo haukukigusa.

"Mpangeni vizuri," mama akasema. "Kichwa kielekee mlimani. Mguu wenye chuma ni wa kushoto, msichanganye. Asije akaamka akajikuta amegeuzwa."

Sanduku jipya lilikuwa la kama meta moja. Mtu mzima halali humo. Tukaweka mifupa mirefu chini, mbavu juu yake, fuvu mwisho. Bamba nililiweka mimi mwenyewe, upande wa kushoto. Mama akainuka, akaja kuchungulia, akarudi kukaa bila kusema neno.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na darasa la kipaimara. Somo lilikuwa Sehemu ya Tatu ya Imani: ufufuo wa mwili na uzima wa milele.

Waliolelewa Kilutheri wanaujua mtindo wa Katekisimo Ndogo. Linasomwa fungu, linafuata swali, "Maana yake nini?", kisha jibu la kukariri. Ukikosea neno unarudi mwanzo. Nililikariri nikiwa na miaka 14, na nimelikaririsha kwa watoto wa wenzangu miaka 11. Kwa kuwa jibu lilikuja likiwa limeshikamana na swali, sikuwahi kuliuliza swali lenyewe. Jumamosi ile niliandika ubaoni "ufufuo wa mwili", nikageuka kuwatazama watoto, na nilichokiona ni ule mzizi. Maana yake nini? Mwili upi? Ule uliobaki kuwa mifupa ya kahawia, au ule uliopanda kwenye shina, ukawa tunda, ukawa mimi? Niliwaambia wanakili fungu kwenye madaftari, nikatoka nje nikasimama barazani mpaka kengele.

Nilipoanza kusoma kwa kutafuta, niligundua kwamba swali langu ni la zamani mno. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alilishika katika kitabu cha 22, cha mwisho, cha kazi yake kubwa juu ya Mji wa Mungu: nyama ya mtu ikiliwa na mtu mwingine, siku ya ufufuo itakuwa ya nani? Akajibu kwamba itarudi kwa mwenyewe wa kwanza. Nililisoma jibu hilo mara tatu. Siwezi kumtania mtu aliyelichukulia jambo kwa uzito kiasi hicho, lakini jibu lake linamfanya Mungu kuwa karani wa stoo, na mimi siwezi kumsujudia karani wa stoo.

Luther mwenyewe alisita. Katika Katekisimo Kubwa ya 1529 anasema kwamba maneno ya Imani, yaani "ufufuo wa nyama", hayakai vizuri katika Kijerumani, kwa sababu Mjerumani akisikia nyama mawazo yake hayavuki bucha. Sisi tuliolitafsiri kuwa "mwili" tumeepushwa na bucha, ila hatukuepushwa na kaburi la baba.

Kisha nikarudi kwa Paulo, 1 Wakorintho 15, sura inayosomwa karibu kila msiba kwetu. Nimeisikia zaidi ya mara mia. Sikuwahi kuona kwamba mtu wa Korintho anauliza swali langu neno kwa neno: wafufuliwaje wafu, nao huja kwa mwili gani? Paulo anamwita mpumbavu. Iliniuma kidogo. Lakini hakumfukuza, alikaa akamjibu kwa aya nyingi, na alichojibu hakifanani na nilichokuwa nakifundisha. Anasema unachopanda si mwili utakaokuwa, ni chembe tupu. Anasema hupandwa mwili wa asili, hufufuliwa mwili wa roho. Halafu anasema nyama na damu haziwezi kuurithi ufalme wa Mungu.

Barua hii Paulo aliiandika kama miaka 20 na kitu baada ya msalaba. Ni ya zamani kuliko Injili zote nne. Ndani yake mna orodha ya walioonekewa na Yesu: Kefa, yaani Petro, wale Thenashara, ndugu zaidi ya 500, Yakobo, mitume wote, na mwisho Paulo mwenyewe. Hakuna kaburi tupu. Hakuna jiwe lililovingirishwa, hakuna sanda, na hakuna mwanamke hata mmoja. Na neno analolitumia kwa Kefa ndilo analolitumia kwake mwenyewe: alionekana. Sasa tunajua Paulo alionaje, Matendo ya Mitume wanasimulia mara tatu: nuru na sauti njiani kwenda Dameski. Hakushika ubavu wa mtu, hakula samaki na mtu. Hata hivyo anajihesabu shahidi sawasawa na Petro, tofauti ikiwa ni kuchelewa tu.

Samaki na ubavu vinakuja baadaye. Marko, Injili ya kwanza kuandikwa, inakadiriwa kuwa ya karibu na mwaka 70, ulipobomolewa hekalu la Yerusalemu. Luka na Yohana ni za baadaye zaidi, na kadiri miaka inavyosogea ndivyo mwili wa Yesu unavyozidi kushikika. Kwa Luka anakula samaki wa kuokwa na kusema roho haina nyama na mifupa. Kwa Yohana, Tomaso anaambiwa atie mkono. Kwa Mathayo makaburi yanapasuka siku ya msalaba, watakatifu wengi wanafufuka, wanaingia mjini na kuwatokea watu wengi. Jambo kubwa kama hilo, mji mzima kutembelewa na wafu wake, hakuna mwingine anayelitaja: si Marko, si Luka, si Yohana, wala Yosefo, Myahudi aliyeandika habari za Yerusalemu ya karne ile kwa marefu na mapana. Wanatofautiana hata pa kumngojea. Marko anasema Galilaya. Luka anasema msitoke mjini.

Niliyajua haya yote kama mtu anavyozijua nyufa za nyumba aliyozaliwa. Unazipita.

Kilichonisimamisha ni mwisho wa Marko. Wanawake watatu, Mariamu Magdalene, Mariamu mamaye Yakobo, na Salome, wananunua manukato waende kuupaka mwili. Wanakuta jiwe limeondolewa na kijana ameketi. Anawaambia amefufuka, nendeni mkawaambie wanafunzi. Kisha mstari wa nane: wanatoka mbio, wanatetemeka, hawamwambii mtu neno, "maana waliogopa". Mwisho. Katika hati mbili kuu za kale zaidi zenye Injili hiyo hadi mwisho wake, ile iliyokuwa katika monasteri ya Sinai na ile ya Vatikani, zote za karne ya nne, Marko anaishia hapo. Mistari ya 9 hadi 20, yenye nyoka wa kushikwa na sumu isiyodhuru, iliongezwa na mkono mwingine. Biblia nyingine huifungia kwenye mabano, nasi tunayasoma mabano kana kwamba hayapo.

Ninaelewa kwa nini mtu aliongeza. Kwaya haiwezi kuimba baada ya "maana waliogopa". Lakini nilipomaliza kuisoma sura ile kama ilivyokuwa, bila nyongeza, nilikaa na Biblia mapajani muda mrefu, maana kwa mara ya kwanza nilikutana na watu niliowafahamu. Wamekuja kuuhudumia mwili. Wana hofu juu ya jiwe, nani atalisukuma. Ni mama yangu kwenye kiti cha plastiki, anayetaka mguu wa kushoto ukae kushoto.

Mathayo naye, pamoja na watakatifu wake wanaotembea mjini, ameacha sentensi moja ambayo sasa naishikilia kuliko zote. Wanafunzi 11 wako mlimani Galilaya, Yesu aliyefufuka yuko mbele yao. Walipomwona walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka. Yuko mbele yao, na wanaona shaka. Wala hawatengwi pembeni. Sentensi inayofuata wanatumwa ulimwenguni mwote, wote, wenye shaka wakiwa miongoni mwao. Kanisa lililonilea lilinidai uhakika ambao hata waliokuwepo hawakuwa nao, nami nikaudai kwa watoto wa miaka 14, nikawapa maksi kwa huo.

Na Masihi je? Maana ufufuo na Masihi vilifundishwa kwetu kama pande mbili za sarafu moja: amefufuka, kwa hiyo ndiye.

Neno lenyewe limetufikia kupitia Kiarabu, na asili yake Kiebrania ni mtu aliyepakwa mafuta. Kristo ni neno hilohilo kwa Kigiriki. Jirani yangu Mwislamu husema Masihi Isa bin Mariamu kwa heshima kubwa, na haamini kwamba alisulubiwa. Katika Agano la Kale kila mfalme aliyemiminiwa pembe ya mafuta ni masihi: Sauli ni masihi wa Bwana, ndiyo sababu Daudi hakuthubutu kumgusa pangoni. Isaya 45 inamwita Koreshi, mfalme wa Uajemi, mpagani, masihi wa Mungu. Hakuna aliyetazamia kwamba mmoja wao atakufa kwa ajili ya dhambi na kufufuka. Walingoja mfalme wa ukoo wa Daudi, wa kuvunja nira na kurudisha haki. Ndio maana wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau wanazungumza kama watu wanaotoka mazikoni: sisi tulikuwa tukitumaini kwamba yeye ndiye atakayewakomboa Israeli. Tulikuwa. Tena Torati ilishasema kuwa aliyetundikwa mtini amelaaniwa na Mungu. Kwa Myahudi wa wakati ule, "Masihi aliyesulubiwa" ni maneno yanayopigana.

Hapa lazima nikiri kosa. Miaka 11 niliwaambia watoto kwamba manabii walitabiri kila kitu waziwazi, na Wayahudi wakakataa kwa ugumu wa mioyo. Si kweli. Chukua maneno ambayo Mathayo anayatumia Yesu akiwa Misri: "Kutoka Misri nalimwita mwanangu." Ukifungua Hosea 11 utakuta ni habari ya taifa la Israeli kutolewa utumwani, jambo lililopita, wala si utabiri wa mtu. Wanafunzi walianza na Yesu, ndipo wakarudi kwenye maandiko kumtafuta, wakampata kila ukurasa, kama mfiwa anavyomwona marehemu katika kila umati wa stendi. Hilo nalielewa na nalipenda. Lakini kumlaumu Myahudi kwa kutoona kilichoonekana baada tu ya machozi ni dhuluma, na imemwaga damu. Luther huyohuyo mwenye maneno mazuri ya bucha aliandika mwaka 1543 kwamba masinagogi yachomwe moto. Sikuambiwa hilo kwenye kipaimara. Nami sikuwaambia wangu.

Kuna Myahudi mmoja wa Orthodoksi, Pinchas Lapide, aliyeandika katika miaka ya 1970 kwamba yeye anaamini Mungu alimfufua Yesu, na bado haamini kwamba Yesu ndiye Masihi wa Israeli. Mtu huyu alinivuruga kuliko wapinga dini wote niliowasoma, kwa sababu alizitenganisha zile pande mbili za sarafu mbele ya macho yangu. Kufufuka hakumfanyi mtu kuwa masihi. Masihi hujulikana kwa dunia iliyonyooshwa, na dunia haijanyooka.

Mwaka 132 Wayahudi waliasi chini ya Simon bar Kokhba, na Rabi Akiva, mwalimu mkubwa wa kizazi chake, akamtangaza kuwa ndiye. Mwaka 135 Warumi walikuwa wamekwisha kumuua, na matumaini yakafa naye. Lakini hayafi kila mara. Mwaka uleule tuliomzika baba, Juni 1994, alifariki New York Rabi Menachem Mendel Schneerson, na mpaka leo wapo wafuasi wake wanaosema ndiye Masihi na atarudi. Ni watu waliomwona, waliokula naye, wengi wao wenye elimu nzuri. Sisemi hayo kuwadharau wao wala Petro. Nasema najua sasa kwamba upendo ukiwa mkubwa hivyo hauwezi kukubali jiwe liwe neno la mwisho.

Sisi wa Old Moshi tuna habari yetu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakihubiri juu ya mfalme aliyetundikwa mtini akashinda mauti. Miaka saba baadaye, Machi 2, 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wetu, pamoja na viongozi wenzake kwetu hapa. Ukienda Tsudunyi utaonyeshwa mti. Wazee husimulia kwamba hakufa upesi. Inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miaka na miaka, hadi kutoa vinasaba vipimwe. Mwaka 2023 Berlin walitangaza kwamba vipimo vimeunganisha mafuvu matatu na ndugu walio hai huku Tanzania. Fuvu la Meli halikuwemo.

Huwa nawaza mtu wa rika la babu yangu mzaa babu, aliyeusikia msalaba ukihubiriwa na akauona mti ule kwa macho yake katika miaka hiyohiyo michache, mikononi mwa taifa moja. Alifikiri nini? Kwa mila ya wakati wake, mifupa ya baba mwenye watoto ilikuwa inafukuliwa baada ya muda na fuvu kuhifadhiwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, chini ya masale, mmea wetu wa heshima, liendelee kukaa na watu wake. Mtu asiye na kichwa kihambani hayupo kokote. Nadhani mtu huyo aliwaelewa wale wanawake wa Marko kuliko sisi tulioletewa tarumbeta na nyimbo za furaha.

Na mafuta. Februari 1, 2020, mjini Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakikanyagana kwa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Nilikuwa mjini jioni ile, nilisikia ving'ora. Tangu siku hiyo siwezi kutamka "mpakwa mafuta" kwa wepesi. Nilikwenda kutafuta ni lini hasa Yesu alipakwa mafuta kichwani, kama Sauli, kama Daudi. Hakuna kuhani aliyempaka, wala nabii mwenye pembe. Ni mwanamke mmoja Bethania, Marko hata jina hakumpa, aliyevunja kibweta cha nardo akammiminia, watu wakamnung'unikia kwamba amefuja. Yesu akasema mwacheni, ameupaka mwili wangu mapema kwa ajili ya maziko.

Basi huyo ndiye Masihi ninayeweza kumkiri. Aliyepakwa na mwanamke, kwa maziko. Siamini tena kwamba alitoka kaburini kama mtu anavyotoka chumbani, wala kwamba mifupa ya baba itajikusanya pale juu na skrubu zake sita. Naamini Petro na Paulo walimwona kwa namna ambayo Paulo anaisema, na kwamba kuona kule kuliwageuza. Naamini hakuwa masihi aliyengojwa, na wanafunzi, kwa kukataa kumwacha, walilivunja neno lile wakalijenga upya kuanzia kwa mtu aliyenyongwa. Neno la Kigiriki tunalolitafsiri "ufufuo" maana yake ya kwanza ni kusimama. Waliolala kwa hofu walisimama. Hilo lilitokea, na limefika mpaka Kilimanjaro.

Nilimweleza mchungaji yote haya ofisini kwake, karibu saa mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, na aliniambia mengi ya hayo aliyasoma chuoni. Nikamuuliza mbona hajawahi kutuambia. Akanyamaza, akasema, "Mzee, watu wanakuja hapa na misiba." Kisha akaniomba nipumzike kufundisha kwa muda. Muda huo haujaisha. Sina kinyongo naye kwa kuninyima darasa. Kinachoniuma ni lile jibu, kwa sababu mimi pia nilikuja na msiba.

Pasaka iliyopita mvua ya masika ilinyesha usiku kucha. Saa kumi alfajiri tarumbeta zilipita barabarani, ile pana sasa ya lami, nikamshika mama mkono tukaenda. Ibada ilikuwa nje, chini ya miavuli. Somo lilikuwa Marko 16, mstari wa kwanza hadi wa nane. Mzee mwenzangu akasoma polepole kwa sababu ya mwanga hafifu, akafika "maana waliogopa", akafunga kitabu. Kwa kitambo kidogo yalisikika matone tu juu ya miavuli, na kijana wa tarumbeta akimwaga maji yaliyoingia kwenye chombo chake. Kisha wakapiga, tukaimba. Niliimba sauti yangu ya besi kama siku zote.

Baadaye tulipanda kihambani, kwenye kaburi jipya karibu na mfereji. Mama alikuwa amekwisha kusikia. Usharika wetu si mkubwa.

"Sasa wewe unasema baba yako yuko wapi?"

"Yuko kwa Mungu, mama."

"Na mguu?"

"Mguu uko hapa."

Akafikiri. Mvua ilikuwa imekatika na Kibo ilianza kutoka mawinguni, theluji imeshuka chini kuliko kawaida.

"Ule mguu ulimtesa sana," akasema. "Usiku alikuwa analia kimyakimya akidhani nimelala. Mimi niliomba uwekwe upande wake ili asikose kitu chake. Lakini arudishiwe ule? Hapana, baba. Sijawahi kumwombea ule."

Kisha akanionyesha masale yaliyolazwa na mvua upande wa miguuni, akaniambia niyasimamishe kabla hatujateremka.